Mrabaha wa Gesi Uliokatika: Anzia Kaunti, Si Kampuni

Mswahili aliyehamia Marekani huenda na uelewa wa kwao kuhusu kilicho chini ya ardhi: ni cha serikali. Sheria ya Petroli ya Tanzania ya mwaka 2015 imeyaweka mafuta na gesi mikononi mwa Jamhuri ya Muungano, na gesi ya Songo Songo imekuwa ikisafirishwa kwa bomba hadi Dar es Salaam tangu 2004 bila mkazi yeyote wa Kilwa kuwa na fungu lake binafsi la kuwaachia watoto. Katiba ya Kenya ya 2010, katika ibara ya 62, nayo inayahesabu madini na mafuta kuwa mali ya umma. Marekani ni tofauti. Huko mwenye shamba anaweza kuimiliki gesi iliyo chini ya shamba lake, akauza ardhi ya juu na kubakiza haki ya chini, kisha akafa na kuirithisha haki hiyo peke yake. Ndiyo maana mjane kutoka Tanga aliyeolewa Texas, au kijana wa Mombasa ambaye baba yake alikuwa mtu wa Oklahoma, anaweza kujikuta mrithi wa kisima katika kaunti ambayo hajawahi kuikanyaga. Mara nyingi habari yenyewe hujulikana kwa kishina cha hundi kilichosalia kwenye bahasha ya zamani, chenye jina la kampuni, namba ya kisima na kiasi cha dola, huku hundi ya mwisho ikiwa ilikuja miaka mingi iliyopita.

Wazo la kwanza linalomjia mtu ni kwamba fedha zimeliwa, na hatua ya kwanza ni kuipigia kampuni simu kwa hasira. Ninakushauri usianzie hapo. Mara nyingi mrabaha uliokatika haujaliwa; umezuiwa, na umezuiwa kwa sababu mlolongo wa hati zinazoonyesha nani alimrithi nani umekatika mahali fulani katika masjala ya kaunti kilipo kisima. Kampuni hailipi undugu, hailipi uchungu wa msiba, inalipa jina lililosajiliwa. Anayeunganisha hati kwanza na kudai fedha baadaye hulipwa mapema kuliko anayeanza kwa kudai, hata kama kwa macho anaonekana kuzunguka.

Ili hoja hii ieleweke, tazama mrabaha unavyohesabiwa. Mrabaha ni sehemu ya mauzo ya gesi anayopewa mwenye haki bila yeye kuchangia gharama ya kuchimba. Kiwango cha jadi ni 1/8, na Pennsylvania ina sheria ya mwaka 1979 inayokataza mkataba wowote wa chini ya hapo. Texas, mikataba ya siku hizi hufika 1/5 au hata 1/4. Tuseme bibi alikuwa na ekari 40 ndani ya eneo la kisima lenye ekari 640, kwa mrabaha wa 1/8. Gawanya 40 kwa 640, zidisha kwa 1/8, utapata 0.0078125. Hiyo ndiyo desimali yake, na ndiyo utakayoiona kwenye kishina cha hundi karibu na mwezi wa uzalishaji, ujazo wa gesi na bei. Kisima kikiuza gesi ya dola 200,000 kwa mwezi, bibi alipata kama dola 1,562 kabla ya kodi na makato. Bibi akafa akiwaachia watoto wanne: kila mmoja ana 0.001953125, yaani dola 390 hivi. Mtoto mmoja naye akafa akiwaacha watano: kila mjukuu ana 0.000390625, yaani dola 78. Hapo ndipo sababu ya pili ya hundi kukatika inapojificha, kwa kuwa kampuni huruhusiwa kwa kawaida kutotuma hundi ya kila mwezi kwa fungu lisilofika dola 100, ikalilimbikiza na kulilipa mara moja kwa mwaka. Mjukuu anayesubiri hundi ya kila mwezi kama aliyokuwa akiipata bibi yake anadhani ameibiwa, kumbe fungu limegawanyika mpaka likashuka chini ya kiwango cha kutumwa.

Lakini hata fungu hilo dogo halitatumwa kwa mjukuu kama kwenye daftari la kampuni mwenye haki bado ni bibi. Barua ikirudi posta, au habari za kifo zikifika bila hati za urithi, kampuni huziweka fedha katika akaunti ambayo wenyewe huiita suspense, yaani zinasubiri mwenyewe apatikane. Na sheria iko upande wao. Texas inaitaka kampuni itoe malipo ya kwanza ndani ya siku 120 tangu mwisho wa mwezi wa mauzo ya kwanza, na baada ya hapo gesi ilipwe ndani ya siku 90 tangu mwisho wa mwezi ilipouzwa. Sheria hiyo hiyo inairuhusu kampuni kuzuia malipo, tena bila riba, pale penye mgogoro wa umiliki au shaka ya msingi juu ya nani hasa mwenye haki. Oklahoma hutoza riba ya asilimia 12 kwa mwaka kwa malipo yaliyocheleweshwa bila sababu, ila umiliki wenyewe ukiwa na kasoro riba hiyo hushuka. Maana yake ni kwamba kila mwezi hati zako zinapokuwa zimekatika, kampuni inakaa na fedha zako kihalali na kwa gharama ndogo au bila gharama. Ukipiga simu utaambiwa ulete hati. Ukipiga tena utaambiwa hivyo hivyo. Utapigwa danadana bila mtu yeyote kukudanganya.

Kuna watakaosema: kwa nini nihangaike na masjala wakati kila jimbo lina tovuti ya mali isiyodaiwa? Niandike jina la marehemu, nione kilichopo, nidai. Fanya hivyo, ni bure na huchukua dakika chache. Ila ujue unachotafuta na mahali pa kutafuta. Texas, mapato ya madini yasiyodaiwa kwa miaka 3 hukabidhiwa kwa Mdhibiti wa Hesabu wa jimbo. Hata hivyo si lazima fedha za kisima cha Texas ziwe Texas. Mahakama ya Juu ya Marekani iliamua mwaka 1965, katika kesi ya Texas dhidi ya New Jersey, kwamba mali isiyodaiwa huenda kwenye jimbo la anwani ya mwisho ya mwenye mali inayojulikana, na anwani isipojulikana huenda kwenye jimbo ilikosajiliwa kampuni. Kwa hiyo, kama bibi alihamia California na kufia huko, tafuta California. Tafuta pia kila jimbo alilowahi kuishi, na utafute Delaware, kwa kuwa makampuni mengi makubwa yamesajiliwa huko. Tafuta kwa jina la ubinti, jina la ndoa na kwa makosa ya tahajia. Oklahoma ina mfuko mwingine kabisa, ulio chini ya tume inayosimamia visima, kwa ajili ya wenye haki ambao hawakupatikana wakati eneo lao lilipounganishwa kwa amri na maeneo ya wengine. Na Texas mahakama inaweza kumteua mtu wa kusaini mkataba wa gesi kwa niaba ya mwenye haki asiyejulikana aliko. Fedha zake hukaa mahakamani, kwa hiyo mwulize pia karani wa mahakama ya wilaya ya huko. Hata ukizipata zote hizo, umepata za nyuma tu. Kisima kinaendelea kutoa gesi, na mgawo wa mwezi ujao unarudi kulekule kwenye akaunti ya kusubiri, kwa sababu daftari la kampuni halijabadilika. Tovuti inatoa malimbikizo, haiponyi umiliki.

Sasa njia yenyewe. Chukua kile kishina cha hundi au mkataba wa zamani na utafute namba ya kisima inayotumika nchi nzima. Tarakimu mbili za mwanzo ni za jimbo: 42 ni Texas, 35 Oklahoma, 37 Pennsylvania, 34 Ohio. Tatu zinazofuata ni za kaunti, na tano baada ya hapo ni za kisima chenyewe. Kama huna kishina, tafuta marejesho ya kodi ya marehemu, kwa kuwa kampuni inayolipa mrabaha wa dola 10 na zaidi kwa mwaka humpelekea mlipwaji na mamlaka ya kodi taarifa yake. Texas kuna mlango mwingine ambao watu huusahau: haki ya gesi inayozalisha hutozwa kodi ya mali, na orodha ya idara ya uthamini ya kaunti hutaja jina la mwenye haki, kisima na desimali. Ukishapata kisima, Tume ya Reli ya Texas, ambayo licha ya jina lake ndiyo inayosimamia mafuta na gesi, itakuonyesha bila malipo nani anakiendesha leo na kimetoa gesi kiasi gani kila mwezi. Pennsylvania kazi hiyo iko kwa idara ya mazingira ya jimbo. Usishangae jina la kampuni likiwa limebadilika. XTO, iliyochimba sana kuzunguka Fort Worth, ilinunuliwa na ExxonMobil mwaka 2010, na Chesapeake iliungana na Southwestern mwaka 2024 ikawa Expand Energy. Barua iliyoandikwa kwa jina la kampuni iliyokufa ni sababu ya kawaida sana ya ukimya.

Baada ya kisima ni kaunti. Kaunti kilipo kisima, si alikoishi marehemu. Kwa karani wa kaunti kuna faharasa mbili, ya waliotoa hati na ya waliopokea. Anza na ya wapokeaji, utafute hati iliyompa bibi haki; kisha nenda kwenye ya watoaji uone kama naye aliuza chochote kabla ya kufa. Usiruke hatua hii ya pili, kwani huenda alishauza nusu ya haki zake na desimali unayoipigania si ile unayodhani. Soma maelezo ya ardhi kwa makini: Oklahoma ardhi hutajwa kwa miraba ya ekari 640 yenye namba, Texas kwa jina la upimaji wa asili na namba yake, Pennsylvania kwa mipaka inayofuata alama za mahali. Namba moja ikikosewa, unadai gesi ya jirani. Na usikae ukidhani haki ya chini haiozi kamwe. Louisiana, haki iliyotengwa na ardhi hupotea ikikaa miaka 10 bila kutumika. Ohio, mwenye ardhi ya juu anaweza, baada ya kutoa taarifa, kuitangaza kuwa imetelekezwa ikiwa miaka 20 imepita bila uzalishaji wala hati yoyote kusajiliwa.

Kukatika kwenyewe karibu kila mara kunatokea kwenye kifo. Familia ilifungua mirathi mahali alipofia bibi, ikagawana nyumba na akaunti za benki, ikafunga jalada. Mirathi hiyo haionekani katika masjala ya kaunti ya Texas mpaka nakala zake zilizothibitishwa zisajiliwe huko, au mirathi ya nyongeza ifunguliwe, kwa sababu haki ya gesi huhesabiwa kama ardhi na ardhi hufuata sheria ya mahali ilipo. Kama kuna wosia ambao haujawahi kufikishwa mahakamani, Texas kwa kawaida inataka ufikishwe ndani ya miaka 4 tangu kifo. Kama hakuna wosia, kuna kiapo cha urithi: mashahidi wawili walioijua familia na wasionufaika na mali hiyo wanaapa marehemu alioa nani, alizaa nani, nani kafa na nani yu hai, kisha kinasajiliwa kwa karani. Baada ya miaka 5 kwenye daftari kinachukuliwa kisheria kuwa ushahidi wa kutosha hadi uthibitishwe vinginevyo, na kwa mafungu madogo makampuni mengi hukikubali mapema zaidi.

Hapa msomaji wa Kiswahili ana mambo yake ambayo mwanasheria wa Houston hatamwuliza. La kwanza ni majina. Cheti cha kuzaliwa cha nyumbani kina jina la mtu, la baba na la babu. Cheti cha ndoa cha Texas kina jina la mume. Pasipoti ina mpangilio wa tatu. Kwa kampuni hao ni watu watatu. Tengeneza mapema kiapo kinachosema majina hayo yote ni ya mtu mmoja, ukitaja kila jina lilivyoandikwa katika kila hati. La pili ni ndoa. Nikahi iliyofungwa msikitini bila cheti kinachotambulika na serikali italeta maswali, kwa hiyo tafuta cheti RITA, wakala wa usajili wa Tanzania, au kwa msajili anayehusika kabla hujaulizwa. La tatu ndilo zito: mgawanyo unafuata sheria ya jimbo, si sheria ya Kiislamu wala mila, labda marehemu awe ameacha wosia. Texas, haki ya gesi ambayo mume aliirithi kwao ni mali yake binafsi, si ya ndoa. Akifa bila wosia na ana watoto, mjane anapata manufaa ya theluthi moja kwa muda wa uhai wake tu, na umiliki ni wa watoto, wakiwemo wa ndoa za nyuma. Mjane anayejaza fomu kana kwamba yote ni yake, au anayewaficha watoto wa mke wa kwanza, hasaidii wanawe. Anakata mlolongo upya, na safari hii kwa uongo wa kiapo. Ndugu walioko Dar es Salaam au Nairobi hawana haja ya kusafiri. Wanaweza kusaini mbele ya ofisa wa ubalozi wa Marekani kwa miadi.

Pingamizi lililo gumu zaidi ni la gharama. Mtu mwenye dola 78 kwa mwezi amlipe mwanasheria kwa saa? Swali ni la haki, na jibu langu si kwamba kila fungu lifukuziwe. Kabla ya kulipa senti, soma takwimu za uzalishaji. Visima vya miamba ya shale hutoa gesi nyingi mwanzoni na kushuka haraka katika miaka michache ya kwanza. Kama kisima chako kimekwisha na hakuna kipya kilichoombewa kibali jirani, kisajili kiapo cha urithi ili haki ibaki hai kwa wajukuu, ukaishie hapo. Lakini kama kinazalisha, kumbuka kwamba mlolongo wa hati wa bibi ni mmoja kwa wazao wake wote. Binamu wanane wakichangia, kila mmoja analipa sehemu ya nane ya kazi ambayo ingefanywa mara nane. Na malimbikizo ya miaka sita ya dola 78 yanazidi dola 5,600. Usikimbilie kampuni za kutafuta fedha kwa asilimia. Kinachopatikana kwenye tovuti ya jimbo unakipata bure. Na barua ikija ghafla kutoka kwa mtu anayetaka kuinunua haki yako, chukulia kwamba yeye ameshaisoma masjala ambayo wewe hujaisoma. Usisaini kitu kabla ya kuijua desimali yako, na hakikisha unachosaini ni mkataba wa kukodisha, si hati ya kuuza.

Wapo pia wanaoona kwamba haki ikiwa yako hakuna haja ya haraka. Mahakama hazioni hivyo. Mwaka 1938 wazao wa familia ya Ballí, ukoo wa kasisi ambaye kisiwa cha Padre cha Texas kimechukua jina lake, walimhamishia wakili Gilbert Kerlin wa New York madai yao juu ya kisiwa hicho, wakibakiza mrabaha wa 1/64. Miongo mingi baadaye walishtaki kwamba hawakulipwa, na mwaka 2000 baraza la wazee wa mahakama huko Brownsville liliwapa ushindi. Mwaka 2008 Mahakama ya Juu ya Texas iliufuta ushindi huo wote: muda ulikuwa umepita, kwani mambo waliyoyalalamikia yangeweza kugundulika kwenye nyaraka za umma. Miaka kumi kabla ya hapo, katika kesi ya HECI dhidi ya Neel, mahakama hiyo hiyo ilikuwa imesema mwenye mrabaha ana wajibu wa kujitafutia habari za haki yake. Kwa madai ya mkataba Texas hutoa miaka 4. Mahakama inakuhesabu kuwa umeisoma masjala hata kama hujawahi kuifungua.

Je, kampuni haikosei kamwe? Hukosea, na pengine hupunja. Desimali huandikwa vibaya, kisima kipya huachwa nje ya hesabu, gharama za kubana na kusafirisha gesi hukatwa kupita kiasi. Pennsylvania, mahakama ya juu ya jimbo iliruhusu mwaka 2010, katika kesi ya Kilmer, gharama hizo zikatwe hata kutoka kwenye 1/8 inayolindwa na sheria, kwa hiyo hundi ndogo peke yake si ushahidi wa wizi. Soma maneno ya mkataba wako. Kupunjwa kwa kweli kunathibitishwa kwa kulinganisha ujazo ulioripotiwa kwa jimbo na ujazo ulio kwenye kishina, na huwezi kupewa kishina kabla hujatambuliwa kuwa mwenye haki.

Hati zikishasajiliwa, ndipo uandike kwa idara ya kampuni inayoshughulikia wenye mrabaha, kwa barua ya rejista. Taja namba ya kisima, jina la marehemu na namba aliyopewa na kampuni, taja namba za usajili wa kila hati katika kaunti, ambatisha nakala, na uulize mambo manne kwa maandishi: desimali yangu ni ngapi na mmeihesabuje, kiasi gani kiko kwenye akaunti ya kusubiri, kuanzia mwezi gani, na kipi mmeshakabidhi kwa jimbo lipi. Weka na fomu ya kodi, kwa sababu bila namba ya mlipakodi mkazi wa Marekani hukatwa asilimia 24. Mrithi anayeishi Afrika Mashariki hukatwa asilimia 30, kwa kuwa Tanzania na Kenya hazina mkataba wa kodi ya mapato na Marekani. Hesabu hilo kabla ya kuahidi ndugu mgao. Wakikutumia hati ya mgawanyo, piga hesabu yako kwanza ndipo uisaini, na ukihama nyumba iandikie kampuni siku hiyo hiyo.